Je, Wajua? Fowler haikuchagua kwa asili peke yake

Jimbo la uchaguzi la Fowler, magharibi mwa Sydney, Australia, lenye wakazi wengi wenye asili ya Vietnam, lilikuwa ngome ya chama cha Labor tangu lilipoundwa mwaka 1984. Mwaka 2022 chama kilimteua Kristina Keneally, seneta aliyeishi mbali na jimbo hilo, kikamwacha Tu Le, mwanasheria kijana, binti wa wakimbizi wa Vietnam. Keneally aliongoza kura za chaguo la kwanza. Lakini nchini Australia mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa namba; kura za walioenguliwa zilipogawanywa, akashinda mgombea binafsi Dai Le, aliyeikimbia Vietnam akiwa mtoto.

Wapo watakaosema damu iliifuata damu. Sikubali, kwani mwaka 2025 Labor ilimsimamisha Tu Le mwenyewe, na Dai Le akashinda tena. Ni kweli, safari hii alikuwa tayari mbunge, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo alikuwa amewatumikia watu wa Fairfield, sehemu ya eneo hilo, kwa miaka mingi kama diwani, na alibaki na kiti cha Fowler mwaka uleule Labor ilipopata ushindi wa kishindo nchini kote.