Mgeni Asiyeruhusiwa Kushika Jembe

Wahenga walituachia methali ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua kwa moyo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walimu wengi huifafanua kwa kusema kwamba inakemea uvivu. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila haujatimia. Methali hii ni sheria ndogo ya uhamiaji. Inampa mgeni haki ya kuingia, inampa muda wa kukaa bila kudaiwa chochote, kisha siku ya tatu inamtia katika hesabu ya wenyeji kwa kumkabidhi kazi. Jembe ndilo kibali chake cha ukaazi.

Sheria za dola zimeipindua methali hiyo juu chini. Mgeni wa leo aweza kuruhusiwa kukaa miezi mizima, ale, alale, azuru jamaa na atazame mandhari, mradi tu asiliguse jembe. Akiligusa pasipo kibali, siku ya tatu au ya mia, amekwisha kuvunja sheria. Hapo, baina ya methali na sheria, ndipo wanapojikwaa watu wetu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia waendao kuishi ng'ambo ya mpaka. Na wajikwaao zaidi, kwa mastaajabu yangu, ni watu waliosoma.

Niruhusuni nianze na maneno, maana ndiyo riziki yangu. Hati ya kuingilia nchi ya watu tunaiita viza. Kiswahili kilikuwa na neno viza zamani sana kabla ya hati hiyo kuzuliwa: yai viza ni yai lililoharibika, lililoatamiwa siku zote lisitoe kifaranga. Tukiliandika kwa s, visa ni wingi wa kisa, yaani mikasa; na kumfanyia mtu visa ni kumsumbua kwa makusudi. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja, hayana. Lakini yeyote aliyewahi kungojea majibu ya ubalozi kwa miezi mitatu atakubali kwamba lugha ina ucheshi wake. Nalo neno mpaka lina sura mbili. Likiwa nomino, humsimamisha mtu njiani. Likiwa kihusishi, humfikisha aendako: kutoka Kisumu mpaka Mwanza. Watu wa ziwa wameishi daima na maana hii ya pili, na serikali zao zimewasomea ile ya kwanza.

Wala mkazi wa Kisumu hana sababu ya kuuona mpaka kuwa kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Reli ilipofika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu yetu, Desemba 1901, mahali hapo palihesabiwa kuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata mkoa huo na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna aliyefunga mizigo. Mzee aliyelala Uganda aliamka katika nchi nyingine, na ng'ombe wake vilevile, bila yeyote kuvuka mto. Wasamia walijikuta huku na huko, nao Wakuria wakagawanywa na mstari mwingine upande wa kusini, na Waluo wakabaki Nyanza na pia katika eneo la Mara, Tanzania. Mtu wa aina hii akivuka kwenda kumzika shangazi yake, je, amesafiri ughaibuni?

Swali hilo ni tamu katika ukumbi wa mihadhara, lakini halimsaidii mtu mbele ya afisa wa uhamiaji. Linalomsaidia ni kutambua kwamba haki tatu tunazozichanganya kwa neno moja, kwenda, ni haki mbalimbali: haki ya kuvuka, haki ya kukaa, na haki ya kufanya kazi. Kila moja ina karatasi yake, na hakuna inayoizaa nyenzake. Historia ya mji wetu wenyewe inatosha kuthibitisha hayo.

Wahindi wa Kisumu, waliokuwa nguzo ya biashara ya mji tangu siku za reli, walipewa miaka miwili baada ya uhuru wa 1963 kuomba uraia wa Kenya. Wengi katika nchi hawakuomba, au maombi yao yalikawia, wakabaki na pasi za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha Sheria ya Uhamiaji iliyomdai asiye raia kibali cha kazi, na sheria ya leseni iliyombana katika biashara. Basi wakageuka kuitazama Uingereza, iliyowapa pasi. Bunge la London, kwa siku chache mno, likapitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968, ikawafungia mlango wenye pasi hizo wasiokuwa na mzazi au babu aliyezaliwa kule. Wakuu wa familia 1,500 tu kwa mwaka ndio waliotengewa hati za kuingilia. Fikirini hali hiyo: mtu ana haki ya kukaa Kisumu asikokuwa na haki ya kufanya kazi, na ana pasi ya nchi asiyoweza kuingia. Pasi isiyopitisha! Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kijitabu mfukoni si haki, ni ahadi tu, na aliyeahidi aweza kubadili nia kwa kura ya usiku mmoja.

Kwa wanafunzi nina mfano wa karibu zaidi. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, kijana aliyekulia Nyang'oma Kogelo, alikwenda Hawaii mwaka 1959 na kuingia Harvard mwaka 1962 kusomea shahada ya uzamifu katika uchumi. Mwaka 1964 chuo kilimwarifu kwamba hakina fedha za kumgharimia tena, na kwamba afadhali arudi kwao akaandikie tasnifu huko. Idara ya uhamiaji ya Marekani ikakataa kumwongezea muda. Akarejea Kenya, na shahada ile hakuipata kamwe. Watu husimulia habari hii kwa ajili ya mwanawe. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu kwa ajili ya sentensi moja iliyojificha ndani yake: ukaazi wa mwanafunzi umefungwa kwa kamba katika mguu wa chuo chake. Chuo kikikuachilia, nchi nayo imekuachilia.

Lakini si lazima tufike Marekani. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya vibarua Wakenya, wengi wao kutoka Nyanza na Magharibi, ambao baadhi walikuwa wamefanya kazi kule kwa miaka mingi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikikata roho, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na zaidi! Mtoto aliyezaliwa Isebania mwezi ule wa kufungwa alikuwa tayari wa kuanza shule kabla ya Sirari, mji anaouona kwa macho, kufunguliwa rasmi kwake.

Ndipo tukaja kwenye enzi yetu, na hapana budi kukiri kwamba mengi yametengenezwa. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu Januari 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na raia wa huko vivyo hivyo kwetu. Tanzania haikujiunga na mpango huo. Busia, mahali ambapo msafiri aligongewa muhuri wa kutoka upande mmoja kisha akapanga foleni upya upande wa pili, pana kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. (Ni Busia hiyohiyo, kati ya lango moja na jingine, ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, kutokana na vijana waliowavusha abiria kwa baiskeli. Neno hilo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, na hakuna aliyelidai pasi.)

Balaa ni kwamba wepesi huu wa kuvuka umewafanya watu wadhani kwamba haki zote tatu zimekuwa moja. Itifaki haisemi hivyo. Inasema kwamba raia wa nchi mwanachama akiingia nchi nyingine atapewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 bila malipo. Ruhusa hiyo ni ya kuzuru. Anayekwenda kusoma hana budi kuomba kibali cha mwanafunzi. Aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 anapaswa kuomba kibali cha kazi katika siku 15 za kazi baada ya kufunga mkataba, na wenye mamlaka wanatakiwa kumpa kibali ndani ya siku 30. Kibali hicho huwa cha muda usiozidi miaka miwili, kisha huhuishwa. Kazi ya siku 90 au chini ina pasi yake maalum. Haya yote yameandikwa, na ni haki nzuri, lakini ni haki ya mtu aliyeomba.

Nimekutana na vijana wanaoamini kinyume. Mmoja, mtoto wa wavuvi wa upande wa Bondo, alikuwa akisoma Kampala na jioni akifundisha hisabati katika shule moja ya watu binafsi. Mwenye shule alimwambia asihangaike na makaratasi, kwani sisi sote ni Waafrika Mashariki. Maneno matamu hayo! Wakaguzi walipokuja, mwenye shule alisema kwamba kijana yule hamjui vizuri. Kijana alikosa mshahara wa miezi miwili na muhula mmoja wa masomo. Aliponisimulia, jambo lililomuuma si hasara. Lilikuwa lile neno "sisi", lililokuwa na watu wengi wakati wa kuajiri na likabaki na mtu mmoja wakati wa kuulizwa.

Tena "sisi" hiyo hubadilika kwa amri. Julai 2025 Tanzania ilitangaza amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, utengenezaji wa simu na saluni. Wakenya walilalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume cha Itifaki, na mimi naona walikuwa na hoja. Lakini tusijifanye malaika. Mwaka 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alisimama sokoni akatishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa nje, Watanzania na Waganda wakiwamo, na kulikuwa na waliomshangilia kabla serikali kujitenga na kauli yake. Neno mgeni katika Kiswahili limebeba heshima na shaka kwa pamoja, na kila jamii huchagua ni mzigo upi itakaoushusha kwanza pindi maisha yanapokuwa magumu.

Basi anayejiandaa kuvuka afanyeje? Ausome muhuri wake papo hapo dirishani, kabla ya kuondoka, kwa maana siku zilizoandikwa pale ndizo alizo nazo, si zile alizoambiwa na binamu yake. Pasi aiombe mapema katika ofisi ya uhamiaji ya Kisumu hata kama aendako kitambulisho chatosha, kwa kuwa kitambulisho hakina ukurasa wa kugongewa muhuri, na pasi humpa kumbukumbu ya safari zake. Mkataba wa kazi audai kwa maandishi, maana bila huo hana cha kuombea kibali. Mwalimu aulize pia habari ya usajili wa walimu katika nchi aendayo. Kibali cha kazi hakimfanyi mtu kuwa mwalimu. Na nakala za karatasi zote ziachwe nyumbani kwa mtu anayejua kusoma na asiyepoteza vitu. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata.

Kuna jambo moja linalonikera kikazi. Ibara ya 137 ya Mkataba wa 1999 inaagiza kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Hata hivyo fomu nilizozijaza mimi mwenyewe mipakani kwa miaka hii yote zilikuwa za Kiingereza, na nimewajazia wafanyabiashara wa samaki na akina mama wa mitumba ambao Kiswahili chao kingeweza kunifundisha mimi. Mtu anatia saini ahadi asiyoielewa, kisha anashtakiwa kwa kuivunja. Shuleni nako tunawakaririsha watoto tarehe ya kuanzishwa kwa Jumuiya na jina la mji wenye makao yake makuu, lakini sijaona mtihani uliomuuliza mtahiniwa tofauti ya kibali cha mwanafunzi na kibali cha kazi, jambo ambalo baadhi yao watalihitaji mwaka mmoja tu baada ya mtihani huo.

Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu pale Homa Bay au Muhuru Bay hahitaji kungoja wizara. Achukue fomu moja ya kuombea kibali cha mwanafunzi, aigawe darasani, na awaamuru wanafunzi waitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha wabishane juu ya neno lifaalo kwa kila kipengele. Fomu zenyewe si ndefu. Vipindi viwili vyatosha, na tafsiri bora ibandikwe ukutani katika ofisi ya chifu.