Dua la kuku na komeo la banda

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Msemo huu twautumia kila siku juu ya wanyonge na wenye nguvu, na wengi tumesahau kwamba asili yake ni uani kwetu. Ikiwa dua la kuku halimpati mwewe, ni nani basi wa kumkinga ila yule aliyemfuga? Nalizungumza hili kwa kuwa katika nyumba nyingi za pwani kuku ndiye akiba: ndiye kitoweo cha mgeni, ndiye wa Idi, na mayai yake ndiyo sukari ya asubuhi.

Maadui wa kuku wana zamu zao. Mchana ni mwewe na kunguru. Nguchiro pia hutembea mchana, mara nyingi kwa kundi, na akilipata yai hulirusha nyuma baina ya miguu yake lipasuke juu ya jiwe. Kenge naye hupenda mayai. Jua likitua huja fungo, kanu na kicheche, na chatu pale penye vichaka. Mfugaji asiyezijua zamu hizi hufunga mlango usiku akadhani amemaliza kazi, kumbe vifaranga wake huliwa adhuhuri.

Huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia mwaka 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Sisi tumezidisha taka, naye akazidi. Matumbo ya samaki yanayotupwa nyuma ya nyumba ndiyo yanayomwita, na akiisha kuyala huwageukia vifaranga.

Kinga ya mchana si ghali. Koo na wanawe wafunikwe kwa tenga majuma ya mwanzo, au wavu mkuukuu wa kuvulia samaki utandwe juu ya ua.

Usiku pana kazi zaidi. Banda liinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo izungushwe bati ili mwenye kucha ateleze. Matundu ya wavu yasipitishe kidole gumba, maana kanu ni mwembamba, na kichwa chake kikipita mwili hufuata. Kama banda li chini, pembezoni pafukiwe mawe, kwani wako wanyama wachimbao. Kuku huingia wenyewe jua likizama. Basi mlango utiwe komeo kabla ya kwenda kusali Magharibi, usingoje Isha.

Wako wanaotega sumu. Mimi siafiki. Sumu haichagui, itamuua paka wa jirani, na kuku mwenyewe akiidonoa. Ni kweli kwamba hadithi sahihi zimewataja kunguru na mwewe miongoni mwa watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, lakini ruhusa hiyo si ya kutesa wala kumdhuru jirani. Tena nguchiro hula nyoka, na fungo hula panya. Tukiwamaliza, nafaka yetu italiwa na nani?

Liko na jambo la dini ambalo wengine hulipuuza. Kuku aliyeraruliwa na mnyama akafa ni mzoga, haliwi, hata kama mwili ungali na joto. Akikutwa bado yu hai, akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali, kama ilivyoelezwa katika Suratul Maida. Kwa hivyo zikisikika kelele bandani usiku, toka upesi, na kisu kiwe mkononi pamoja na taa.

Mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Nasi wenye kuku tutie komeo, ndipo tuombe dua.