Uvamizi, Ukaliaji na Unyakuzi

Mara nyingi twaona maneno uvamizi, ukaliaji na unyakuzi yakitumiwa katika vitabu vya historia kana kwamba ni pacha. Katika mazungumzo ya barazani hakuna madhara. Lakini mfasiri wa hati za sheria, au mwalimu anayechunguza kama vita fulani vilizaa ukaliaji wa kijeshi, hana budi kuyatenga.

Kipimo kimo katika Kanuni za The Hague za mwaka 1907, kifungu cha 42: nchi huhesabiwa kuwa imekaliwa pale inapokuwa kwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui, wala ukaliaji huo hauvuki mipaka ya mamlaka hayo. Kwa hiyo ushindi peke yake hautoshi. Tuulize: baada ya mizinga kunyamaza, ni nani aliyetoa amri na kukusanya kodi?

Tutazame Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Novemba 1914 Waingereza walishusha majeshi Tanga, wakapigwa, wakarejea merikebuni baada ya siku chache. Huo ulikuwa uvamizi, ukaliaji haukuwapo. Januari 1915 waliitwaa Mafia wakabaki, na hapo neno ukaliaji lastahili. Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam na Wabelgiji wakaingia Tabora, huku von Lettow-Vorbeck angali akipigana kusini. Basi asemaye kwamba ‘Tanganyika ilikaliwa mwaka 1916’ hukosea mara mbili: nchi haikuwa imekaliwa yote, na jina hilo la nchi halikutumika hadi mwaka 1920.

Tena mkaliaji hamiliki, huendesha tu. Ujerumani iliachia haki zake kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na dhamana ya Shirikisho la Mataifa ikathibitishwa mwaka 1922. Unyakuzi ni jambo jingine: ni dola kutangaza kuwa ardhi ya mwenziwe ni yake, kama alivyofanya Idi Amin mwaka 1978 juu ya eneo letu la kaskazini ya mto Kagera. Majeshi yake yalikuwamo humo pia, hivyo istilahi mbili zaweza kukutana mahali pamoja.

Kuhusu ‘kukalia kwa mabavu’, twashauri tahadhari. Maneno ‘kwa mabavu’ hubeba hukumu ambayo kifungu cha 42 hakina. Gazetini yaweza kufaa. Katika tafsiri ya mkataba yaachwe.