Hitilafu isiyoelezwa haitibiki

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata asiyeyaficha, iwapo hajui kuyaeleza, haponi upesi.

Majuzi mjini Lodwar nilinunua gunia la mahindi nikalipa kwa programu ya simu. Mtandao ukakatika katikati ya shughuli. Uliporejea, pesa zilikuwa zimeniondoka, na mwenye duka hakuwa amepokea hata senti. Kwa hasira nikawaandikia wenye programu: "Mtambo wenu ni mbovu." Siku tatu zikapita bila jibu. Mwenye duka akaniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, ukienda hospitalini humwambia daktari kuwa mwili ni mbovu, ukanyamaza?"

Nilitahayari. Nikaanza kutafuta jinsi hitilafu inavyoripotiwa. Kumbe mwongozo haukuwa mbali: ulikuwamo ndani ya programu yenyewe, palipoandikwa "Msaada". Hata pale tunapopakulia programu, anwani ya watengenezaji huonyeshwa. Aidha, mwaka 1999 Mwingereza Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY, aliandika mwongozo ambao kiini chake ni chepesi: eleza ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia kuona, na ulichokiona. Nakili maneno ya kosa kama yalivyo, wala usikisie chanzo ukakifanya ndicho ukweli. Taja pia aina ya simu, toleo la programu, saa na mahali. Nambari ya siri haimo katika orodha hiyo. Anayeiomba ni mwizi.

Desturi hii si ngeni. Septemba 9, 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo. Hawakuishia kulalama. Walimbandika daftarini, wakaandika saa na sehemu hasa alimopatikana.

Nikaandika upya kwa utaratibu huo. Siku ya pili pesa zangu zilirudi.

Kwangu mimi lilikuwa gunia moja tu. Lakini hebu tafakari, msomaji, hali ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa huko sehemu ya msaada wa chakula kwa njia ya simu, katika mpango wa Bamba Chakula. Pesa ya chakula ikishaingia simuni, hitilafu ya dakika moja yaweza kumlaza mtoto njaa. Na huenda mama yake anasema Kiturkana, Kisomali au Kidinka. Mwongozo wa Kiingereza utamfaa nini?

Kwa hiyo lawama isiwe ya mtumiaji pekee. Wenye programu na wabandike penye kila duka na ofisi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, maswali yale matatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, uliona nini? Chini yake waandike majibu yapelekwe wapi. Nasi tujifunze kuyajibu kwa ukamilifu. Fundi aliyeko Nairobi hajapata kusimama juani Kakuma akisubiri mtandao urudi. Asipoambiwa na sisi, ataambiwa na nani?