Bei ya depo imepanda, ao franka ndiyo imeshuka?

Tuchukue mfano wa mama mwenye butiki huku Bukavu. Mwezi wa kwanza alinunua mufuko wa muchele wa kilo 25 ku depo kwa franka 50 000. Mwezi wa tatu, depo ile ile inamuomba 55 000. Anakasirika, anataka kuhama.

Lakini muchele mwingi unatoka inje na unalipwa kwa dola. Kama dola moja ilikuwa franka 2 000 na sasa ni 2 200, mufuko umebakia dola 25. Depo haikuongeza kitu.

Na depo ya jirani inayouza dola 21? Mufuko wake ni wa kilo 20: kilo moja inatoka dola 1,05, wakati kwa ile ya zamani ni dola 1 tu. Angehama, angepata hasara, tena angeacha depo iliyozoea kumukopesha.

Ndiyo maana kila ununuzi, ku kaye ao ku Excel, uandikwe hivi: tarehe, depo, uzito, bei kwa franka, bei ya dola siku ile, kisha bei ya kilo moja kwa dola. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya kulinganisha, mwezi kwa mwezi.