Je, Wajua? Marekani iliwahi kuwalipa waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje

Mwaka 1962, Rais John F. Kennedy alipotaka ushuru wa forodha upunguzwe, sheria aliyoipendekeza ilikuwa na kifungu cha kuwafariji wafanyakazi: atakayepoteza ajira kwa ushindani wa bidhaa za nje atasaidiwa na serikali.

Faraja hiyo ilichelewa. Masharti yalikuwa magumu kiasi kwamba hadi mwaka 1969 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa! Si ajabu baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliubeza mpango huo kuwa ni bima ya mazishi.

Sheria ya mwaka 1974 ililegeza kamba. Wafanyakazi watatu tu wa kiwanda kimoja waliweza kupeleka ombi Wizara ya Kazi. Likipita, walilipiwa mafunzo ya ufundi mpya, wakapewa posho ya kila wiki walipokuwa wakisoma, na hata gharama za kutafuta kazi mji mwingine. Baadaye wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliopata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa awali waliweza kufidiwa nusu ya pengo hilo, mwisho dola 10,000 kwa miaka miwili.

Ulaya nayo ilianzisha mfuko wake wa aina hiyo mwaka 2006.

Bunge la Marekani halikuongeza muda wa mpango wa nchi hiyo, na tangu Julai 1, 2022 Wizara ya Kazi haiidhinishi maombi mapya.