Daktari wa moyo ana kazi tatu, na zote zinamhusu mtu wa Garsen

Mtoto akilalamika kwamba koo linamuuma, wazazi wengi humpa maji ya chumvi asukutue, na baada ya siku tatu au nne jambo hilo husahauliwa. Aghalabu hawakosei, kwani maumivu mengi ya koo hupona yenyewe. Hata hivyo, kuna koo linalosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi. Koo hilo nalo huonekana limepona, kumbe limeacha deni ambalo moyo utakuja kulilipa baadaye.

Hutokea hivi. Mwili unapopigana na bakteria hao, hasa kwa watoto wa kati ya miaka 5 na 15, askari wa mwili waweza kukosea na kuanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye mtoto hupata homa, na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, kisha hadi kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama. Madhara ya moyo ndiyo yanayobaki. Vali, yaani milango midogo inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma, hupata makovu. Homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, milango hiyo hushindwa kufunga au kufunguka vizuri.

Miaka hupita. Msichana aliyekuwa akiumwa koo sasa ni mama mja mzito, na damu mwilini mwake imeongezeka kwa karibu nusu. Hapo ndipo pumzi inapomwishia akiteka maji, miguu inapovimba, na usiku inapombidi alale ameegemea mito. Wengi hugundua ugonjwa wao wakati huo, na pengine wamechelewa.

Safari ndefu

Tuseme mama huyo anaishi karibu na Garsen. Atapitia zahanati, kisha hospitali ya Ngao au ya Hola. Akihitaji mtaalamu itambidi ashike barabara ya Malindi hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Akihitaji kufunguliwa moyo, huenda akapelekwa hadi Nairobi. Nauli ni yake, na shamba au mifugo ameviacha mikononi mwa watu wengine.

Anapofika hospitali kubwa hukuta jambo linalomshangaza. Daktari aliyemfuata kutoka mbali amezungukwa na vijana wenye makoti meupe. Mmoja baada ya mwingine wanausikiliza moyo wake. Kisha anakuja muuguzi mwenye karatasi, na kumuuliza kama angependa kushiriki katika utafiti. Mgonjwa na jamaa zake hujiuliza: je, tumekuja kutibiwa au kujaribiwa?

Swali hilo ni la haki. Linastahili jibu, na jibu lenyewe limo katika namna kazi ya daktari huyo ilivyopangwa.

Kazi ya kwanza: kutibu

Asubuhi daktari wa moyo wa hospitali ya mafunzo hupitia wodi, kitanda kwa kitanda. Huwasikiliza wagonjwa, hupima mapigo, hutazama mshipa wa shingo na uvimbe wa miguu. Baadaye huenda kliniki, au kwenye chumba cha mashine ya eko, ambayo hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha vali zikifunguka na kufunga. Mashine hiyo haina mionzi wala maumivu. Kutokana na picha hizo huamua nani apewe dawa za kupunguza maji mwilini, nani apewe dawa ya kuzuia damu kuganda, na nani apelekwe kwa mpasuaji.

Kazi hiyo peke yake yatosha kumchosha mtu. Kwa nini basi aongeze nyingine?

Kazi ya pili: kufundisha

Daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, huona wagonjwa anaoweza kuwaona tu. Bali vijana anaowafundisha leo ndio watakaopelekwa Hola, Lamu, Garissa na Wajir. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, na tangu hapo wodi za Hospitali Kuu ya Kenyatta zimekuwa pia madarasa. Hali ni hiyo hiyo katika Hospitali ya Moi mjini Eldoret na Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa.

Kuusikiliza moyo hakufundishwi kwa kitabu pekee. Mwanafunzi lazima ausikie mvumo wa vali inayovuja, aambiwe amekosea, asikilize tena. Kwa hivyo yule mama wa Garsen aliyekubali moyo wake usikilizwe na vijana amefanya jambo kubwa kuliko anavyodhani. Pengine mmoja wao atautambua mvumo kama huo kifuani mwa mtoto wa jirani yake, kabla vali hazijaharibika.

Wanafunzi walio muhimu si wa udaktari pekee. Muuguzi na afisa wa kliniki ndio wanaomwona mtoto mwenye koo siku ya kwanza. Penisilini ikianza kutolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, yaweza kuizuia homa ya baridi yabisi isitokee kabisa. Mtaalamu aliye Mombasa hawezi kufika katika siku hizo 9. Mafunzo yake yaweza kufika.

Kazi ya tatu: kutafiti

Wapo wanaosema kwamba utafiti ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba daktari mwenye foleni mlangoni hana haki ya kujifungia na makaratasi. Tutazame mifano mitatu.

Wa kwanza umetoka karibu kabisa na Tana River. Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya na shirika la Wellcome wamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989, madaktari walishiriki katika utafiti wa watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vizuri. Ilikuwa desturi kuwaongezea watoto kama hao maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania walihusishwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2011 yaliwashtua wengi: kati ya waliopewa maji ya haraka, karibu 11 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48, ilhali kwa wasiopewa walikufa 7. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa inaua. Bila utafiti ingeendelea kutolewa kwa nia njema.

Wa pili ni wa Uganda. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Australia, waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine ya eko ili kuwatafuta walio na dalili za mwanzo za ugonjwa wa vali, ambazo mtoto mwenyewe hazihisi. Watoto 818 waligawanywa mafungu mawili: fungu moja lilipewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na lingine halikupewa. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, waliozidiwa na ugonjwa miongoni mwa waliodungwa hawakufika hata 1 katika kila 100. Miongoni mwa wasiodungwa walikuwa 8. Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei nafuu. Jipya ni uhakika.

Wa tatu unahusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa ya zamani, warfarini, humlazimu mgonjwa apimwe damu mara kwa mara, jambo gumu kwa mtu wa vijijini. Ilidhaniwa kwamba dawa mpya isiyohitaji vipimo hivyo ingewafaa zaidi wagonjwa wa vali. Utafiti uliofanywa katika nchi 24 na kutangazwa mwaka 2022 ulionyesha kinyume: waliotumia warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa hivyo suluhisho ni kumletea mwanakijiji kipimo karibu, badala ya kumpa dawa iliyo dhaifu kwake kwa sababu anaishi mbali.

Hapo msomaji ataona jinsi kazi hizo tatu zinavyoshikana. Swali huzaliwa wodini, jibu hutafutwa kwa utafiti, na jibu hilo hurudi kwa mgonjwa kupitia mafunzo.

Gharama yake

Pamoja na hayo, tusijidanganye kwamba hakuna mvutano. Saa moja ya mhadhara ni saa ambayo foleni haisogei. Utafiti unaofadhiliwa kutoka nje waweza kumvuta daktari kwenye maswali ya wafadhili na kumsahaulisha ya Garsen. Dawa ya tatizo hilo ni kuwa na madaktari wengi zaidi, na kuhakikisha kwamba utafiti unaanza na swali la mgonjwa aliyepo.

Maswali hayo yapo. Kwa mfano, sindano ya kila wiki nne ni rahisi kuitaja lakini ngumu kuitimiza katika bonde la Tana. Mto ukifurika, kama ulivyofanya mwaka 1997, mwaka 2018 na mwishoni mwa 2023, Mpokomo wa deltani hana njia ya kufika kituoni. Kiangazi kikizidi, Muorma huhama na ng'ombe wake. Je, sindano imfuate mgonjwa, au mgonjwa aifuate? Anayeweza kulijibu swali hilo ni mtu anayewajua wagonjwa hao, anayewafundisha wauguzi wao, na aliye tayari kupima mpango mmoja dhidi ya mwingine.

Uzito wake ni mkubwa. Wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu kutoka nchi 14, Kenya ikiwemo, walifuatiliwa katika mpango ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, ambaye alifariki mwaka 2018. Katika miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikufa. Nusu ya waliokufa hawakuwa wamefikisha miaka 29.

Ufanye nini wewe?

Mtoto akiwa na koo linalouma pamoja na homa, tezi za shingo zikivimba, naye hana mafua wala kikohozi, mpeleke kituo cha afya mapema. Usingoje. Akipewa vidonge, avimalize hata kama amepata nafuu.

Mtoto akipata maumivu ya viungo yanayohama, mwambie muuguzi kama aliumwa koo wiki chache zilizopita. Usidhani ni maumivu ya kukua.

Aliyeandikiwa sindano ya kila mwezi asiikatize kwa kuwa anajisikia mzima. Ukijua utahama au mto utafunga njia, uliza mapema utadungiwa wapi. Mwenye vali zilizoharibika vibaya amuulize daktari kama vidonge havitamfaa zaidi kuliko sindano, kwani mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa ushauri wa namna hiyo kwa wagonjwa walio katika hatari.

Mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Na ukiombwa kushiriki katika utafiti, uliza maswali haya: Unatafuta nini? Nitachukuliwa damu kiasi gani? Kuna hatari gani? Nitapewa matokeo? Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Lakini ukiridhika na majibu, kumbuka kwamba dawa atakayopewa mwanao kesho ilijulikana kufaa kwa sababu mgonjwa fulani, mahali fulani, alikubali.